Moja, Tatu, Nne, Mbili: Uhakiki wa Umbo la Kazi ya Plagi, Waya na Filta

Kubadilisha plagi, waya za plagi na filta ya petroli hutajwa kwa kawaida kama orodha ya vitu vitatu: kilichonunuliwa dukani, kilichotolewa, kilichorudishwa. Orodha haihitaji msomaji. Inahitaji tu mtu wa kutia alama mbele ya kila jambo lililokamilika. Makala haya yanashikilia kwamba kazi hiyo, mwenye gari anapoifanya kwa mikono yake mwenyewe, ni utungo kamili wenye mwanzo, upeo na ufumbuzi, na kwamba vipengele vyake vitatu vimefungamana kwa uhusiano ulio wa ndani zaidi kuliko ratiba ya matengenezo. Plagi ndiyo ukurasa. Waya na filta huandikwa juu yake. Anayeusoma ukurasa huo kwa subira huona kwamba hatua zote nyingine za kazi, hata zile zinazoonekana kuwa za tahadhari tu, zimepangwa ili usomaji huo uwezekane.

Uhakiki wa karibu huhitaji nakala mahususi. Nakala ninayoichagua ni Toyota Corolla ya kizazi cha saba, iliyoanza kuundwa Japani mwaka 1991 na ambayo Wakenya wengi huitaja kwa tarakimu yake tu, 100, ikiwa na injini ya 5A-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,498. Mahali pa kuisomea ni Milimani, Nakuru, mtaa unaopanda kuelekea Menengai, ambako nyumba za zamani zina ua wa kutosha gari kusimama kivulini na boneti ikiwa wazi asubuhi nzima. Mahali hapa pana sifa nne zinazoingia ndani ya kazi yenyewe: jiji liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, udongo wake hutoa vumbi laini la volkano, viwanja vya mtaa huu vina miteremko, na maji ya mvua hushuka kuelekea ziwa lisilo na mto wa kutokea. Msomaji atazikuta zote nne, kila moja katika hatua yake.

Mfuatano-mahali na mfuatano-moto

Boneti inapofunguliwa, silinda nne za injini hii huonekana zimepangwa safu moja, nazo huhesabiwa kuanzia upande wa mkanda wa taimingi: moja, mbili, tatu, nne. Cheche, hata hivyo, haziruki kwa hesabu hiyo. Zinaruka moja, tatu, nne, mbili. Sababu iko katika muundo wa kranki: pistoni ya kwanza na ya nne hupanda na kushuka pamoja, na ya pili na ya tatu hali kadhalika, kwa hiyo kila nusu mzunguko wa kranki huleta jozi moja juu, na katika jozi hiyo silinda moja ndiyo iliyo tayari kuwaka huku mwenzake akimalizia kutoa moshi. Chini ya masharti hayo kuna mipangilio miwili tu inayowezekana ukianzia silinda ya kwanza. Mmoja ni huu. Mwingine ni moja, mbili, nne, tatu, na wako waundaji wa injini waliouchagua huo wa pili. Kanuni imebana, lakini haikuziba nafasi yote ya hiari, na katika upenyo huo mdogo ndimo uamuzi wa muundaji unamoonekana.

Tunao basi mpangilio wa mahali na mpangilio wa wakati, na hiyo miwili hailingani. Msomaji wa riwaya anaifahamu hali hii, kwa kuwa amezoea kutenganisha matukio kama yalivyotokea na msuko kama unavyoyapanga. Napendekeza tuseme mfuatano-mahali na mfuatano-moto. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwashwa mara 25 kwa sekunde, na injini nzima hupokea cheche 100 katika sekunde hiyo moja. Hakuna sikio linaloweza kuzitenganisha. Sikio husikia mngurumo mmoja ulio laini, na ulaini huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba mifuatano miwili imepatanishwa vizuri.

Kinachoipatanisha ni waya. Ndani ya distribyuta, rota huzunguka na kugawa umeme kwa mfuatano-moto. Juu ya plagi, umeme huohuo hupokewa kwa mfuatano-mahali. Waya nne zinazotoka kwenye kifuniko cha distribyuta hupishana, hujikunja na kuachana, na mtazamo wa haraka utaziona kama vurugu. Tazama urefu wake, nawe utauona mpango: distribyuta iko mwisho wa injini ulio mbali na mkanda, kwa hiyo waya ya silinda ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, na nyingine hupungua kadiri silinda zinavyokaribia. Urefu ni maana. Waya fupi haiwezi kulazimishwa kufika mahali pasipo pake, na kwa kiasi hicho seti ya waya hujilinda yenyewe dhidi ya msomaji mzembe.

Kinga hiyo haitoshi, na hapa ndipo kanuni kuu ya kazi inapozaliwa: moja baada ya moja. Toa waya moja, badilisha plagi yake, weka waya mpya yenye urefu uleule kwenye tundu lilelile la kifuniko, kisha sogea kwa inayofuata. Anayezing'oa zote nne kwa pamoja anajikuta mbele ya matundu manne yanayofanana, akitegemea kumbukumbu ya kichwani. Na waya mbili zikipishana, injini hutetemeka, hulipuka kupitia njia ya hewa au hukataa kuwaka kabisa. Ubora wa kanuni hii ni kwamba huhamisha kumbukumbu kutoka kichwani mwa mtendaji na kuiweka ndani ya kitu chenyewe, kwa kuwa waya tatu ambazo hazijaguswa ndizo zinazoshuhudia mahali pa ile ya nne.

Waya yenyewe ina siri ya pili. Ukiitazama kwa nje ungeidhani ni njia rahisi ya umeme, na kwa desturi njia nzuri ya umeme ni ile isiyo na ukinzani. Waya ya plagi imeundwa kwa nia tofauti: kiini chake kina kaboni, na ukinzani umewekwa humo makusudi ili mapigo ya makumi ya maelfu ya volti yasisambaze mikwaruzo katika redio. Kwa magari ya Toyota ya kipindi hiki, kikomo kinachokubalika ni kiloomu 25 kwa kila waya. Zaidi ya hapo waya imechoka. Mita ya umeme husema hivyo kwa tarakimu. Usiku husema kwa njia nyingine, kwa sababu injini ikinguruma gizani na boneti ikiwa wazi, waya iliyopasuka ganda huonyesha mwanga wa buluu mahali umeme unapotorokea. Na kwa kuwa kiini hicho ni dhaifu, mkono hushika mpira wa kichwani, huuzungusha kidogo, ndipo huvuta. Anayevuta kwa kushika waya katikati huikata ndani bila kuacha alama nje.

Kutoa na kurudisha

Plagi za 5A-FE zimezama ndani ya visima, katikati ya kamshafti mbili. Kina hicho kina athari mbili za kimtindo. Ya kwanza ni kwamba mtendaji haoni anachokifanya. Soketi ya milimita 16 hushuka kwa kiungio kirefu, na tangu hapo habari zote humfikia kupitia kiganja. Ya pili ni kwamba kisima hukusanya kila kinachoanguka. Katika Milimani kinachoanguka ni vumbi la majivu ya kale ya volkano, jamaa ya lile ambalo watazamaji wa Safari Rally huliona likiinuka Soysambu, laini kama unga lakini lenye ncha kali lisagwapo baina ya vyuma. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupuliza kisima kwa hewa ya pampu. Hatua ya pili ni kulegeza plagi kiasi cha robo mzunguko na kupuliza tena. Marudio haya yana kazi, maana vumbi lililokuwa limebanwa chini ya ukingo wa plagi huachiliwa na ule mlegeo wa kwanza, na plagi ikishatoka, tundu lake ni mlango ulio wazi juu ya pistoni.

Injini lazima iwe imepoa. Kichwa chake ni cha alumini, plagi ni ya chuma, na metali hizo mbili hazitanuki kwa kiwango kimoja. Nyuzi za alumini zilizo moto hung'oka pamoja na plagi. Mkono unaofahamu hili huhisi vipindi viwili: kwanza ukinzani unaokatika ghafla, kisha mzunguko mwepesi usiohitaji mpini. Kipindi cha pili kikiwa kizito, hilo ni onyo, na jibu lake ni kurudi nyuma kidogo, kutia tone la mafuta na kusubiri kabla ya kuendelea.

Kurudisha ni tendo lililo kinyume cha kutoa kwa mfuatano, lakini si kwa hisia. Mbinu bora niijuayo ni ya kutumia kipande cha mpira wa petroli, urefu wa shibiri moja hivi, kinachovishwa kwenye kichwa cha kauri cha plagi mpya. Plagi hushushwa kisimani kwa mpira huo na kuzungushwa kwa vidole viwili. Nyuzi zikikaa sawasawa, plagi huingia. Zikikaa mshazari, mpira huteleza juu ya kauri kabla nguvu ya kuharibu haijapatikana. Hiki ni chombo kilichoundwa kwa udhaifu wake. Kinajua kushindwa kwa wakati unaofaa, na kushindwa kwake huokoa kichwa cha injini.

Baada ya vidole kufika mwisho, soketi hurudi, na plagi mpya yenye ringi huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili, kipimo ambacho NGK hukipendekeza kwa plagi za milimita 14. Aliye na spana ya kupimia nguvu atatumia nyutoni-mita 18. Kiganja hupokea jambo hili kama ulaini unaofuatwa na uthabiti: ringi inajibana, kisha inagoma. Kuendelea baada ya hapo ni kuongeza neno pasipohitaji neno.

Ubao wenye namba nne

Sasa tunafika kwenye upeo. Kanuni ya moja baada ya moja hutaka plagi zitoke kwa zamu, ilhali usomaji hutaka zionekane pamoja, kwa sababu plagi moja peke yake haisemi mengi. Mvutano huu kati ya tendo na usomaji hutatuliwa kwa kifaa sahili kuliko vyote katika kazi hii: kipande cha ubao kilichoandikwa namba moja hadi nne, ambapo kila plagi ya zamani hulazwa chini ya namba yake. Maana haikamiliki mpaka plagi ya mwisho ilazwe. Taharuki hiyo ni ya kweli, kwa kuwa plagi ya nne inaweza kubadilisha tafsiri ya zile tatu zilizotangulia.

Kanuni ya usomaji ni hii. Jambo linaloonekana kwenye plagi moja lina chanzo cha silinda hiyo moja: waya yake, ringi zake za pistoni, valvu zake, nozeli yake. Jambo linaloonekana kwenye plagi zote nne lina chanzo kinachoshirikiwa: petroli, hewa, joto, mwendo wa gari. Plagi moja nyeusi na yenye majimaji kati ya tatu safi huelekeza jicho kwenye waya iliyoshindwa kufikisha cheche. Plagi nne nyeupe kupita kiasi, kama mfupa, husema kwamba mchanganyiko una petroli kidogo mno, na mojawapo ya sababu ni filta iliyoziba. Umoja na wingi, basi, ndio sarufi ya ubao huu. Waya zikichoka huandika kwa umoja. Filta ikichoka huandika kwa wingi. Na zote mbili huandika juu ya plagi.

Ufungamano huu una upande wa pili. Kila cheche hula chembe ya ncha za plagi, na nafasi kati yake hupanuka. Nafasi pana hudai volti kubwa zaidi, na mchanganyiko wenye petroli kidogo hudai zaidi ya hapo. Umeme uliopandishwa hivyo hutafuta njia nyepesi, nayo njia hiyo ni ganda la waya lililozeeka. Ndiyo maana plagi mpya juu ya waya mbovu, au waya mpya juu ya plagi zilizolika, ni kazi iliyoachwa katikati, hata pale gari linapoonekana kukubali.

Rangi hudai msomaji anayejua muktadha. Ncha ya kauri hujisafisha yenyewe ikifikia joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, na inapopita 850 hivi huanza kuwasha petroli kabla ya wakati. Gari linaloshuka kutoka Milimani hadi katikati ya jiji na kurudi, siku nenda siku rudi, linaweza lisifikishe plagi zake kwenye joto hilo la chini kwa muda wa kutosha, na masizi makavu kwenye plagi zote nne yatakuwa yanaeleza ufupi wa safari hizo. Gari lilelile likipanda kuelekea Mau Summit lina kauri ya rangi ya kijivu au kahawia hafifu. Mwinuko nao una neno lake: hewa ya Nakuru ina msongamano pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya Mombasa. Injini ya kabureta iliyorekebishwa pwani huvuta petroli nyingi kupita hewa inayoikuta huku juu, na plagi zake huwa nyeusi. 5A-FE ina kihisi cha shinikizo kinachopunguza petroli kulingana na hewa, kwa hiyo weusi juu yake hauwezi kusingiziwa mlima.

Vitabu vya zamani vya magari navyo visomwe kwa kujua zama zake. Vingi vilichorwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na rangi ya kahawia iliyokolea viliyoisifu ilitokana kwa sehemu na masalia ya risasi hiyo. Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, iliachana na petroli ya aina hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Msomaji wa leo ategemee rangi iliyopauka zaidi, na asiiite ugonjwa. Mafuta ya injini ndani ya kisima, juu ya plagi, ni habari ya mpira wa kuziba uliochoka; mafuta kwenye ncha, chini ya nyuzi, ni habari nzito zaidi ya ringi au valvu. Sentimita chache kati ya juu na chini hubadilisha hukumu nzima.

Plagi mpya nayo ni maandishi kabla hata ya kuingia kisimani. Chukua msimbo wa NGK usiokuwa mgeni kwenye maduka ya spea, BKR5E-11. B ni kipenyo cha nyuzi, milimita 14. K hutaja umbo lenye kichwa cha soketi ya milimita 16. R ni kizuizi cha ndani cha kunyamazisha redio. 5 ni daraja la joto, na kwa kampuni hii namba ikishuka plagi huwa ya moto zaidi. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. 11 ni nafasi ya cheche, milimita 1.1. Alama chache zimebeba mwili mzima wa kitu, na hakuna iliyo pambo. Ubana huo una nasaba yake: kampuni hiyo ilianzishwa Nagoya mwaka 1936, ikatokana na kampuni ya vihami vya kauri, ambayo nayo ilitokana na watengenezaji wa vyombo vya mezani vya Noritake. Nafasi ya cheche hulinganishwa na kitabu cha injini husika na kuhakikishwa kwa geji, kwa sababu plagi ikianguka sakafuni mara moja, tarakimu iliyoandikwa juu yake si kweli tena.

Mshale

Orodha huitaja filta mwisho. Utendaji ulio mzuri huiweka mwanzo, kwa kuwa petroli iliyomwagika na cheche hazipaswi kukutana katika saa moja. Mfuatano wa kutaja na mfuatano wa kutenda umetofautiana tena, kama ulivyotofautiana ndani ya injini. Nami hapa nimefuata ule wa kwanza kwa sababu umuhimu wa filta hauonekani vizuri mpaka plagi ziwe zimesomwa.

Bomba la petroli la injini hii hushikilia shinikizo kati ya kilopaskali 265 na 304, na shinikizo hilo haliondoki kwa kuzima ufunguo. Njia ya kulitoa ni ya kifahari: umeme wa pampu hukatwa, injini huwashwa, na injini yenyewe hutumia kilichobaki ndani ya bomba mpaka inazimika. Kisha waya hasi ya betri hutolewa. Kitambaa hufunika bolti yenye tundu iliyo juu ya filta, na bolti hulegezwa polepole. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hufuata mteremko. Kwa hiyo, katika ua wa Milimani, gari huwekwa mahali tambarare na hewani, na swali la kuuliza ni kama kuna jiko la makaa upande wa chini, hata ng'ambo ya ua.

Filta yenyewe ni kopo la chuma lenye karatasi iliyokunjwakunjwa. Mikunjo hiyo ndiyo sanaa yake, kwa kuwa karatasi bapa ya ukubwa wa kopo hilo ingeziba upesi. Ikikunjwa, eneo la kuchuja huongezeka mara nyingi ndani ya ujazo uleule. Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa diatomaiti, jiwe jeupe la mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale, linalotumika kuchujia vimiminika, na nguvu yake hutokana na kanuni hiyohiyo ya eneo kubwa lililofichwa ndani ya umbo dogo. Juu ya kopo kuna mshale. Petroli huingia ikitoka nje ya mikunjo kwenda ndani, na uchafu hubaki nje. Filta ikigeuzwa, mpango wote hugeuka. Plagi ina msimbo wa alama kadhaa, seti ya waya ina urefu wa aina nne, filta ina alama moja tu, nayo inatosha. Washa za kila upande wa bolti huwa mpya kila mara, maana kazi yake ni kujibana mara moja.

Filta ya zamani humwagwa kwenye bakuli jeupe kupitia upande wa kuingilia, nao ni usomaji wa pili. Kutu ni ya tangi. Matone yanayozama chini ya petroli ni maji. Mchanga laini ni wa njiani. Petroli hufika Nakuru kwa bomba lililorefushwa kutoka Nairobi hadi Eldoret mwaka 1994, kisha hupita kwenye lori, tangi la kituo na tangi la gari, na kopo hili hushika kilichookotwa katika hatua hizo. Lakini filta ina mpaka wake. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli, uovu ambao ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliwekwa mwaka 2018 kuuzuia, hupita karatasi bila kuacha chochote, kwa kuwa ni kimiminika kilichoyeyuka ndani ya kingine. Alama yake hutokea mbele, kwenye masizi ya plagi zote nne. Filta hushika kigumu, plagi hushika kilichoyeyuka, na bakuli na ubao husomwa pamoja.

Kilichobaki bakulini huwekwa kwenye chupa ya chuma yenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaokusanya mafuta machafu. Mfereji wa Milimani hushuka mjini, na mji hushuka Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutokea. Kinachofika humo hubaki humo. Hatua hii ni sehemu ya umbo la kazi sawa na kukaza bolti, kwa sababu kazi iliyoanza kwa kuuliza petroli inaelekea wapi haiwezi kumalizika bila kujibu swali hilo kwa tone la mwisho.

Tathmini

Ufumbuzi ni mfupi. Betri hurudishwa, pampu hupewa umeme wake, injini huzungushwa kwa vipindi vifupi huku jicho likiwa kwenye bolti ya filta likitafuta unyevu, ndipo inaachiwa kuwaka. Mafanikio hayana sura mpya: mngurumo ulionyooka, na mguu unaoitikiwa na pedali bila kusita penye mwinuko. Kazi hii haijionyeshi katika kitu ilichokitengeneza, na ndiyo maana usomaji wa kati, wa ubao na bakuli, una uzito mkubwa hivyo. Nje yake hakuna mahali pengine ambapo kazi inajieleza.

Swali la nani aifanye linastahili jibu la haki. Fundi wa jua kali amesoma plagi za magari mengi, na upana huo wa usomaji hauwezi kupatikana katika ua wa nyumba moja. Mwenye gari, kwa upande wake, anajua muktadha: kituo alichojaza, njia aliyopanda, siku ambayo injini ilianza kukosa mdundo. Ubora wa kujifanyia ni kwamba aliyeziandika plagi kwa mwendo wake ndiye anayezisoma, na akikwama katika tafsiri anaweza kuubeba ubao wake wenye namba hadi kwa fundi na kuuliza, kama msomaji anayemwendea msomaji mwenye maktaba kubwa zaidi.

Magari yaliyofuata yamelifupisha umbo hili. Corolla iliyorithi barabara zetu baada ya hapo, NZE yenye injini ya 1NZ-FE, huweka koili juu ya kila plagi, kwa hiyo waya nne na distribyuta zimeondoka; filta yake imeingia ndani ya tangi pamoja na pampu. Mfuatano-moto bado ni moja, tatu, nne, mbili, lakini sasa hutunzwa na kompyuta, mahali ambapo jicho haliufuati. Udondoshaji huu ni wa kiufundi na una faida zake: hakuna waya ya kupishana, hakuna ganda la kupasuka, hakuna bolti ya petroli karibu na injini ya moto. Hasara iko upande wa msomaji, aliyepoteza sehemu mbili za utungo alizoweza kuzishika mkononi.

Hata hivyo hoja iliyofungua makala haya ndiyo inayoamua kiwango cha hasara hiyo. Kama waya na filta zingekuwa sura zinazojitegemea, kuondoka kwake kungeacha utungo uliokatwa vipande. Kwa kuwa siku zote ziliandikwa juu ya plagi, koili iliyoshindwa huandika leo palepale ambapo waya iliandika jana, kwa umoja. Na filta iliyoziba ndani ya tangi huandika kwa wingi kama ilivyoandika ilipokuwa chini ya boneti. Ubao wenye namba nne unafaa kwa gari la mwaka 1991 na kwa lililolifuata. Atakayejifunza kuusoma kwenye injini ya zamani, ambako kila sababu inaweza kuguswa, ataielewa injini mpya ambako sababu zimefichwa. Na hilo ndilo linaloipa 5A-FE, zaidi ya miongo mitatu baada ya kuundwa kwake, hadhi ya nakala bora ya kufundishia.